Ukwapi na Utao

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, asalaam alaykum. Nanyi wanafunzi mliobanana kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo, na maneno niliyokuja nayo leo si ya kusemwa kwa kelele.

Nimeombwa nizungumze juu ya mashairi ya mapenzi ninayoyapenda, na juu ya hamu ya mtu aliye mbali. Nitaanza na mikeka.

Mama yangu alisuka mikeka, hapa hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 12. Kila alasiri akishaswali alikaa uani na chane zake za ukindu, mwanzo wa ukili ameubana kwa kidole gumba cha mguu, na alikuwa na mshororo mmoja aliouimba kwa sauti ya chini, huo huo, mwaka nenda mwaka rudi:

*Bahari haina nyayo, nitakufuata vipi?*

Hakuuimba kwa mfululizo. Alisema "Bahari haina nyayo," akanyamaza. Akapitisha chane tatu, nne, akakaza. Ndipo akamaliza, "nitakufuata vipi?" Mimi mtoto nilikuwa jikoni nikichambua mchele, na kule kungoja kulinishinda. Nikawa nammalizia. Yeye anasema nusu ya kwanza, mimi napaaza sauti na nusu ya pili. Siku moja aliacha kusuka akaniita. Akaniambia, bila ukali, "Mwanangu, wacha. Si wewe ninayekuuliza."

Baba alikuwa Maskati. Aliondoka mwaka 1974 kutafuta kazi, nami nilikuwa na miaka minne. Watu wa pwani mnajua upepo wa kusi ndio unaopeleka vyombo kaskazini, na kaskazi ndiyo inayovirudisha. Baba aliondoka na kusi. Barua zake zililetwa na ndege na posta, hazikuwa na shughuli na upepo wowote, lakini mama alimngoja kwa hesabu ya mabaharia. Ukifika mwezi wa Desemba, bahari ikibadilika rangi na joto likipanda, mama alifua mapazia. Alipaka chokaa ukuta wa mbele. Hakusema kwa nini. Mwezi wa Aprili ukiingia, mvua za masika zikianza na upepo ukigeuka, alirudi kwenye ukili wake. Nilikua nikidhani kila nyumba hupakwa chokaa mwezi wa Desemba.

Nimefundisha Kiswahili miaka 31. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane huku na nane huku. Kwamba kipande cha kwanza kinaitwa ukwapi na cha pili kinaitwa utao. Kwamba vina vya kati hukaa mwisho wa ukwapi na vina vya mwisho hukaa mwisho wa utao. Wamehesabu kwa vidole, wamepata alama, wamekwenda zao. Yote hayo ni kweli na yana faida. Ila hakuna hata siku moja niliyowaambia kilichomo baina ya ukwapi na utao. Pale pana pumzi. Anayeghani anajua: ukifika kwenye kina cha kati unasimama kidogo, na anayesikiliza anabaki ameinamia mbele. Jambo limesemwa nusu. Nusu nyingine inangojwa.

Mimi naamini hamu inakaa pale. Mashairi yetu ya mapenzi yalijengwa tangu msingi na watu waliojua kungoja, na waliojua kwamba usemi wa mtu mmoja haujatimia mpaka mwingine aupokee.

Tazameni jinsi tulivyotunga siku zote. Mtu hutoa shairi, mwingine hulijibu kwa vina vile vile. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mpaka mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mgumi wa Lamu wakati miji yao ilipokuwa imenuniana kwa vita. Hata adui alistahili jibu lenye vina. Na tungo za Muyaka mwenyewe, za siasa, za mapenzi, za njaa, za ubishi wa mtaani, zilikaa midomoni mwa watu miaka mingi baada ya yeye kufa, hata mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua akazikusanya na Mwingereza W. E. Taylor akazihifadhi maandishini. Watu wa Mvita, yaani Mombasa, waliendelea kumjibu Muyaka huku yeye yuko kaburini. Nikifikiria hilo moyo wangu hulainika.

Nendeni kwenye taarab, mtaona jambo lile lile kwa macho. Mwimbaji anatoa neno, na mwanamke mmoja anainuka kutoka safu ya tano, anakwenda mbele polepole na noti mkononi, anaituza ile beti. Hajasema kitu. Lakini ukumbi mzima umejua kwamba ile beti ilikuwa ukwapi wake, na ile noti, na ule mwendo, ndiyo utao. Tangu siku za Siti binti Saad, aliyetoka Fumba na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi nyimbo zake, mpaka leo, taarab isiyojibiwa na wasikilizaji haijakamilika.

Sasa niwapeleke visiwa vya Lamu, mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham ni mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kisiwani Pate, ameshafariki. Ana binti mdogo, Mwana Hashima, naye anajua hatamuona akikua. Anamwita:

*Negema wangu binti,*
*mchachefu wa sanati…*

Njoo karibu, binti yangu mwenye miaka michache. Kisha anamwambia aketi na wino na karatasi: *moyoni nina hadithi, nimependa kukwambia*.

Utendi huu husomwa kama mafunzo ya mke kwa mume, na kina mama wa leo wengine wanaukasirikia kwa sababu hiyo. Siwalaumu, yamo mambo mle ambayo mimi pia sitamwambia binti yangu. Lakini nawaomba mtu yeyote anayeupenda au kuuchukia ausome tena akijua hali ya aliyetunga. Huyu ni mama mwenye hamu ya mtoto aliye mbele yake. Kwa kawaida twamtamani aliyekwisha ondoka. Mwana Kupona anamtamani binti wa miaka ijayo, yule bi harusi atakayejifukiza udi bila mama. Anamwambia amfukize mumewe, ampepee akilala, kwa sababu anataka awepo kwenye chumba ambacho hatafika. Kila agizo ni mkono unaonyooshwa kupita kifo. Naye anatunga peke yake, upande mmoja tu, akijua jibu halitamkuta.

Na humo ndani, katikati ya maagizo, anamkumbuka mume. Anamweleza binti kwamba baba yake aliishi naye *kwa furaha na kiteko*, na kwamba *tusondoleane mbeko* siku zote walizokaa pamoja. Kiteko ni kicheko. Mbeko ni heshima. Hatukuondoleana heshima. Mjane mgonjwa, akitafuta neno la kupima ndoa yake yote, hakuchagua uzuri wala fahari ya utawala. Alichagua kicheko, na heshima ambayo hakuna aliyemvua mwenzake. Sijasoma popote sifa ya mapenzi inayoizidi hii.

Kuna hamu nyingine ambayo nitaigusa tu nipite, nayo ni hamu ya mahali. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anatembea kwenye majumba ya Pate yaliyokufa na kuuliza walikwenda wapi waliokuwamo. *Nyumba kati zao huvuma mende*, anasema. Ndani ya nyumba sauti iliyobaki ni ya mende. Ndiyo maana tangu mwanzo anaongea na moyo wake mwenyewe: hapana mwingine wa kumjibu. Kiswahili kinaiita hali hiyo ukiwa, na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa nyumba isiyo na watu na kwa mtu asiye na mtu.

Baba alirudi mwaka 1983. Mtasema nitasimulia shangwe. Hapakuwa na shangwe. Alishuka kwenye teksi na masanduku mawili, mvi zimeingia, akasimama kizingitini akasema hodi katika nyumba yake mwenyewe. Mama akaitika karibu. Akamtazama muda mrefu kisha akasema, "Umekonda." Akaenda kuinjika chai. Nilikuwa na miaka 13, nilitarajia kilio na kukumbatiana kama kwenye sinema, nikaona nimedhulumiwa. Leo najua mama alikuwa na miaka tisa ya maneno kifuani, na katika yote hayo akalitoa lile moja lililothibitisha kwamba amemtazama, kwamba anakumbuka alivyokuwa. Waliishi pamoja miaka mingine 18. Ule mshororo wa bahari sikuusikia tena. Wala sikuwasikia hata siku moja wakiitana majina ya mapenzi. Niliwasikia wakicheka usiku, baada ya taa kuzimwa.

Baba alifariki mwaka 2001. Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, nami nikawa nakwenda kila jioni baada ya kazi. Jioni moja akaniambia, "Wewe mwalimu, hebu nisomee kitu." Kwenye mkoba wangu palikuwa na kitabu cha darasani, na shairi lililokuwa zamu yake wiki ile lilikuwa "Amina" la Shaaban Robert. Nikasita. Akasema, "Soma."

Hapa Tanga Shaaban Robert si mtu wa kutambulishwa. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapo kusini ya mji, akafanya kazi ya ukarani wa forodha, akafa mwaka 1962. "Amina" ni shairi aliloandika alipofiwa na mkewe. Nikamsomea mama:

*Amina umejitenga, kufa umetangulia,*
*Kama ua umefunga, baada ya kuchanua…*

Nikafika kwenye kibwagizo, kile kinachorudi kila ubeti:

*Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua.*

Nilikuwa nimelisomesha shairi lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mama, aliyekuwa analisikia kwa mara ya kwanza, akanizuia hapo hapo. "Rudia. Ua limefunga, na mapenzi yamefungwa. Ni kufunga kumoja?" Ndipo nilipoliona. Ua likifunga limekwisha, limenyauka. Mapenzi yakifungwa yamekazwa, yamekuwa fundo. Bwana yule amechukua tendo moja, akalitumia kwa kifo, kisha papo hapo, mshororo wa pili baada yake, akalitumia kwa kile ambacho kifo hakikiwezi. Na aliyesuka mikeka maisha yake yote ndiye aliyesikia fundo lilipo.

Lakini hakuridhika. Akasema, "Ila hapo mwanzo kakosea. *Umejitenga*. Maiti hajitengi. Babako hakujitenga na mimi. Alitengwa."

Nikaanza kumtetea mtunzi kiualimu. Nikamwambia vina vya kati vilikuwa vinataka *nga*: umejitenga, umefunga, tuliyofunga. Mama akanitazama. "Vina havimuondolei mtu haki yake," akasema. Sikuwa na jibu. Nikaendelea kusoma, ubeti kwa ubeti, kibwagizo kikirudi, naye safari hii akikiitikia kwa midomo bila sauti. Tukafika ubeti wa mwisho, pale anapoomba siku ya kufufuliwa:

*Mauti yakijitenga, mapenzi yatarejea…*

Mama akainua kidole. Tukanyamaza wote wawili. Nje alipita muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, akaenda mpaka sauti ikapotea. Kisha mama akasema polepole, "Kumbe alikuwa anajua. Mwanzo kamwambia mkewe umejitenga, kwa uchungu. Mtu mwenye uchungu husema hivyo, humlaumu aliyekufa. Mwisho ndiyo kamrudishia haki yake. Wa kujitenga ni mauti."

Ndugu zangu, nimehudhuria semina nyingi za fasihi. Uchambuzi wa shairi lile uliozidi ule sijaupata. Neno moja limesimama kwenye ukwapi wa mshororo wa kwanza, na limengoja shairi zima kujibiwa. Mke aliondoka na kitenzi kile. Mauti ndiyo yataondoka nacho. Na kwa kuwa Amina hakuwapo kujibu, mume alilazimika kutunga pande zote mbili, swali na jibu, kwa kalamu moja. Nadhani ndiyo sababu shairi lile linauma vile. Unasikia kiti cha pili ambacho hakina mtu.

Mama akaniomba nimwandikie mshororo ule kwenye kipande cha karatasi. Nikauandika kwa herufi nilizozijua mimi, hizi tulizosomeshwa shule. Yeye alisoma chuo cha Kurani tu; Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa zama za Mwana Kupona na Muyaka. Alikipokea kile kikaratasi ambacho hakuweza kukisoma, akakikunja mara nne, akakitia kwenye pindo la kanga.

Mama naye ametangulia. Tulipogawa vitu vyake mimi nilipewa kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda. Mlikuwa na kile kikaratasi changu. Na mlikuwa na barua za baba, zote, za miaka tisa, zimefungwa kwa ukili mwembamba.

Sikuweza kuzisoma. Nilihitimu Kurani, herufi zote nazijua, lakini baba aliandika Kiswahili bila irabu, kwa mwandiko wa haraka, na kila neno lilikuwa mlango uliorudishwa. Nikampelekea mzee mmoja mwalimu wa chuo, jirani, mtu wa siri. Akavaa miwani akanisomea barua moja baada ya nyingine: bei ya unga, homa, salamu kwa watu kumi, fedha zinazokuja na fulani. Katika mojawapo, chini kabisa, palikuwa na ubeti:

*Salamu nakutumia, kwa waraka si kwa ndimi,*
*Pepo zikikuvumia, jua si pepo, ni mimi,*
*Usiku ukiingia, hulala nyumba, si mimi,*
*Bahari hukoma njia, huba yangu haikomi.*

Sikuwahi kujua kwamba baba alitunga. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemkata alama, amerudia *mimi* mara mbili kwenye vina vya mwisho, na mtunzi mzuri hufanya juhudi asirudie. Nilipokuwa nasikiliza kwa yule mzee nilielewa. Mtu aliye ugenini miaka, anayeitwa kwa namba ya kazi au kwa nchi aliyotoka, anamwandikia mke wake: ni mimi. Si mwingine. Mimi.

Mzee akaigeuza karatasi. Nyuma yake palikuwa na maandishi mengine, ya penseli, ya mkono mwingine, madogo na ya uangalifu. Ulikuwa mwandiko wa mama. Alikuwa anamjibu kwa vina vile vile, kama inavyotakiwa. Mzee akasoma:

*Waraka umenijia, nimeusoma kwa ndimi,*
*Pepo zimenivumia, zimepita, hazisemi,*
*Mtoto huulizia,*

Akasimama. Nikadhani anavuta pumzi ya kina cha kati. Nikangoja. Akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akainamisha kichwa, akaniambia, "Hapa pako wazi. Hakuandika." Kisha akashuka chini kidogo kwa kidole, akasoma mshororo wa nne, ambao mama alikuwa ameshauandika:

*Bahari haina nyayo, nitakufuata vipi?*

Barua ya baba iliandikwa mwaka 1976. Mtoto aliyekuwa akiulizia nilikuwa mimi, nilikuwa na miaka sita, na sikumbuki nilikuwa namuuliza nini.